Nani Kampa Ruhusa ya Kusema? Uhakiki wa Maandishi ya Malumbano ya Marafiki wa Kwanza

Utangulizi

Sisi wanafunzi wa fasihi tumezoea kuhakiki riwaya, tamthilia na ushairi. Tukigusa maandishi ya dini, basi ni tenzi za zamani za mwambao. Maandishi ya mabishano ya Wakristo kwa Wakristo tunawaachia watu wa theolojia, kana kwamba mwandishi akishamtaja Mungu tu katika sentensi, sentensi hiyo inatoka nje ya fasihi. Makala haya hayakubaliani na mgawanyo huo. Yanahakiki vitabu na vijitabu vya Marafiki wa kwanza, wale ambao wapinzani wao wa Uingereza ya karne ya 17 waliwabandika jina la Quakers, yaani watetemekaji.

Hoja yangu ni moja. Ugomvi wa Marafiki na Wakristo wenzao, ukiuvua joho la theolojia, unabaki kuwa ugomvi juu ya mdomo: nani ana ruhusa ya kusema, na ruhusa hiyo kapewa na nani? Maandishi haya yana nguvu kila yanapomtetea asiye na kibali, na yanalegea kila yanapomnyima mwingine haki ileile. Na hilo la pili halikuishia Uingereza. Lilijitokeza tena hapa Afrika Mashariki, Kaimosi, mwaka 1927.

Msomaji wa Ilagala au Ujiji anaweza kuuliza: hayo ya Wazungu wa zamani yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Agosti 1878 wamisionari wa chama cha London, LMS, Edward Hore akiwa mmoja wao, walifika Ujiji. Januari 1879, miezi mitano tu baadaye, wakaingia Mapadri Weupe wa Kikatoliki. Ujiji ulikuwa mji wa wafanyabiashara na Waislamu, na Ukristo uliofika pale ulikuwa umeshagawanyika kabla ya kushuka mizigo. Tena LMS kilitegemea zaidi makanisa ya Kikongregeshenali, ambayo ni uzao wa wale Waprotestanti wa "kujitegemea" waliobishana vikali na Marafiki katika miaka ya 1650. Kwa maneno mengine, ukanda wetu uliletewa hukumu bila kuletewa kesi. Vijitabu ninavyovihakiki ni sehemu ya kesi yenyewe.

Mandhari ya kihistoria

Maandishi haya hayaeleweki bila mazingira yaliyoyazaa. Kuanzia 1641 udhibiti wa uchapaji ulivunjika Uingereza. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikafuata, na mwaka 1649 mfalme akakatwa kichwa. Katika mwanya huo watu wa tabaka la chini, wafumaji, wakulima, askari walioacha jeshi na wasichana wa kazi za ndani, walipata kwa mara ya kwanza nafasi ya kuandika na kuchapisha.

Kulikuwa pia na suala la uchumi, nalo mhakiki asiliruke. Mkulima alilazimishwa na sheria kutoa fungu la kumi la mazao yake kumlipa kasisi wa mtaa, ahudhurie ibada asihudhurie. Mtu wa Ilagala ajiulize: ungekamua mawese yako, halafu dola ikuamuru kila madebe kumi umpelekee moja mhubiri usiyemkubali, ungesemaje? Kasisi huyo naye alikuwa na hoja yake: yeye kasoma Oxford au Cambridge, anajua Kilatini, kwa hiyo ndiye anayeruhusiwa kufafanua Maandiko.

Hapo ndipo anapoingia George Fox (1624–1691), mtoto wa mfumaji, aliyefundishwa kazi kwa fundi viatu. Mwishoni mwa miaka ya 1640 alianza kuhubiri kwamba kila binadamu ana nuru ya Kristo ndani yake. Kwa hiyo kasisi wa mshahara hahitajiki, ubatizo wa maji hauhitajiki, mkate na divai havihitajiki, na jengo lenye mnara halina utakatifu wowote.

Kwa watu waliozoea kuvuka Malagarasi kwa kivuko mfano si mgumu. Makanisa yalisema: mto ni mpana na una mamba, huvuki bila nahodha mwenye cheti. Marafiki wakajibu: ng'ambo unayoitafuta imo ndani yako, na huyo nahodha anakutoza nauli ya safari isiyokuwepo. Sasa basi, nahodha gani angenyamaza?

Maudhui: hadithi na sauti

Malumbano ninayoyaona kuwa bora kifasihi ni yale ya Edward Burrough na John Bunyan. Bunyan tunamfahamu. Kisa chake cha msafiri anayeelekea mji wa mbinguni, kilichochapishwa 1678, kimetafsiriwa katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Wasichokijua wengi ni kwamba kitabu chake cha kwanza kabisa, Some Gospel Truths Opened cha 1656, hakikuwa kisa. Kilikuwa mashambulizi dhidi ya Marafiki. Burrough, kijana wa miaka ishirini na ushee, akamjibu mwaka uleule. Bunyan akarudi uwanjani 1657, na Burrough akarudi tena.

Bunyan anasema hivi: Kristo ni mtu aliyezaliwa na Mariamu, akasulubiwa nje ya Yerusalemu siku inayojulikana, akafufuka na mwili, na atarudi. Ukisema yote hayo yamo moyoni mwako, umeyafuta. Burrough anajibu kwamba hakuna anayekana hayo. Lakini mtu aliyekariri habari za Kristo aliyekufa mbali, na hajamkuta ndani ya nafsi yake, amepata faida gani?

Hapa watu wa theolojia hutafuta nani kapatia. Mimi naona jambo lingine. Bunyan anatetea hadithi: mahali, wakati, mhusika mwenye mwili na tukio lililotokea kweli. Burrough anatetea sauti: nafsi inayosema "nimeyaona haya mwenyewe". Si ajabu basi kwamba Bunyan aliishia kuwa msanii wa kisa cha mafumbo, na Marafiki wakaishia kuwa mabingwa wa kuandika maisha yao wenyewe. Nakiri kwamba mpaka huo si ukuta, maana Bunyan naye aliandika tawasifu, 1666. Hata hivyo mwelekeo ni huo. Na katika mzunguko huu, kwa maoni yangu, Bunyan ndiye mwenye hoja nzito zaidi: sauti isiyo na hadithi haina njia ya kupimwa na wengine.

Lakini kuna mahali Burrough anateleza vibaya. Anamchanganya Bunyan na makasisi wanaohubiri kwa malipo. Bunyan, fundi wa kuziba masufuria, anamrudishia swali: hilo umelijua mwenyewe au umeambiwa? Yeye anakula jasho la mikono yake. Tena kitabu chake kilifunguliwa kwa dibaji ya John Burton, iliyoona haja ya kumtetea kwamba hakutoka chuo kikuu. Yaani hawa wawili wote hawakuwa na ruhusa! Wasio na kibali wanagombania kibali, na wenye kibali wanatazama.

Dola haikuwatofautisha. Ufalme uliporudi 1660 Bunyan alifungwa kwa kuhubiri bila ruhusa, akakaa jela hadi 1672. Burrough alikamatwa London na kufia gereza la Newgate 1663, hajafika hata miaka thelathini. Na mwaka 1672, Marafiki walipofanikiwa kumwomba mfalme msamaha kwa wafungwa wao, walikubali majina ya wapinzani wengine wa kanisa la dola yaingizwe katika orodha hiyo. Jina la Bunyan lilikuwemo.

Neno na maneno

Ugomvi wa pili ulihusu Biblia. Wapinzani wa Marafiki, hasa John Owen aliyekuwa kiongozi wa makanisa ya kujitegemea na mkuu wa Oxford, walisema Maandiko ndiyo Neno la Mungu na ndiyo kipimo cha mwisho. Marafiki wakasema Neno ni Kristo mwenyewe. Maandiko ni maneno, ya kweli na yenye manufaa, lakini ni maneno.

Kiswahili chetu kinauweka ugomvi huu peupe kuliko lugha nyingi, kwa kuwa tofauti nzima imo katika kiambishi: neno, maneno. Mhubiri wetu akisema "tufungue Neno" anamaanisha kitabu. Akifungua mwanzo wa Injili ya Yohana anakuta Neno ni mtu. Watu wengi hupita hapo bila kujikwaa. Marafiki walijikwaa kwa makusudi na wakakataa kuendelea mpaka waeleweshwe.

Samuel Fisher ndiye aliyelisukuma jambo hili mbali zaidi. Kitabu chake kikubwa cha 1660, Rusticus ad Academicos, kinamaanisha mshamba anawaambia wasomi, kumbe huyo mshamba mwenyewe kasoma Oxford na Kiebrania anakijua. Anauliza: nakala zilinakiliwa na mikono ya watu, zinatofautiana, na tafsiri nazo zinatofautiana. Kitu cha namna hiyo kitakuwaje kipimo kisichoyumba? Maswali haya yakaja kuwa ya kawaida katika uhakiki wa matini baadaye. Fisher aliyauliza kama silaha ya kumtetea mtu asiyejua kusoma: ikiwa ukweli umo katika herufi za Kiebrania pekee, mvuvi atauokota wapi?

Mwanamke na mdomo

Suala la ruhusa linaonekana wazi zaidi kwa wanawake. Margaret Fell aliandika Women's Speaking Justified akiwa kifungoni Lancaster, na kikachapishwa 1666. Wapinzani walikuwa na amri ya Mtume Paulo kwamba wanawake wanyamaze kanisani. Fell haitupi amri hiyo. Anaihakiki. Anauliza ilisemwa kwa nani, wakati gani na kwa sababu ya fujo gani, kisha anaonyesha kwamba habari za ufufuko zilibebwa kwanza na wanawake. Wangenyamaza, mitume wangejuaje? Hii ni mbinu ya mhakiki hasa: kuirudisha kauli katika muktadha wake. Udhaifu wake ni kwamba anamfungulia mdomo mwanamke aliyeguswa na Roho tu. Yule ambaye hajaguswa anabaki chini ya amri ileile. Mlango umefunguliwa nusu.

Maisha ya wanawake hao yanaipa hoja uzito. Mary Fisher alikuwa mtumishi wa nyumbani. Mwaka 1656 yeye na Ann Austin walifika Boston, Marekani. Waprotestanti wenzao wakachoma vitabu vyao, wakawafungia, kisha wakawafukuza. Mwaka 1658 Mary Fisher huyohuyo alifika Edirne akapokelewa na Sultani Mehmed wa Nne, Mwislamu, aliyemsikiliza kwa heshima. Boston iliendelea na ukali wake, na 1660 ikamnyonga Mary Dyer, naye ni mmoja wa Marafiki. Kwa msomaji wa Ujiji, mahali ambapo msikiti na kanisa ni majirani wa siku nyingi, kisa hiki si kigeni sana. Ugomvi mkali mara nyingi ni wa ndugu kwa ndugu, na mgeni ndiye mwenye subira ya kusikiliza.

Fani

Muundo unaotawala ni wa jibu kwa jibu. Mwandishi anachukua kauli ya mpinzani, anaitaja, anaipiga, anahamia nyingine. Kwetu muundo huu una ndugu zake katika majibizano ya washairi magazetini na katika ngonjera. Tofauti ni moja na ni kubwa. Katika ngonjera za Mathias Mnyampala mhusika asiyejua huelimishwa, na mwisho hukubali. Katika vijitabu hivi hakubali mtu. Ni ngonjera isiyofika beti za mwisho, na ndiyo maana inachosha ukiisoma mfululizo.

Mtindo wa sentensi ni wa kusema zaidi kuliko wa kuandika: sentensi ndefu zilizoungwa kwa "na", urudiaji, taswira za mbegu, nuru na giza. Habari za maisha ya Fox, kwa sehemu kubwa, alizisimulia na mwingine akaandika. Tunaowasoma watu hawa tunasoma fasihi simulizi iliyonaswa na mtambo wa uchapaji.

Kubwa zaidi ni lugha yao ya wazi. Kiingereza cha wakati ule kilikuwa na kiwakilishi cha kumwita mtu mmoja wa kawaida, na kingine cha wingi cha kumwita mkubwa. Marafiki walimwita kila mtu kwa kile cha kawaida, hakimu na mchunga kondoo sawasawa, na wakakataa kuvua kofia. Watu walipigwa kwa ajili ya kiwakilishi! Mfasiri wa Kiswahili atapata taabu hapa. Akiandika "wewe" hakuna atakayeshtuka, maana "wewe" yetu ni ya wote. Heshima yetu tumeiweka kwingine, katika "shikamoo" na "mheshimiwa". Fox wa Kiswahili angekuwa kijana anayeingia ofisi ya mkuu wa wilaya, haamkii, hasemi mheshimiwa, anakaa na kuanza kuzungumza. Hapo ndipo tungelisikia tusi walilolisikia Waingereza.

Upande wa majina ya siku, kinyume chake, Mswahili ni Rafiki bila kujua. Marafiki walikataa majina ya siku za juma kwa kuwa ni ya miungu ya kipagani, wakazihesabu: siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sisi tuna Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, na mwezi wa kwanza, mwezi wa pili, ila hesabu yetu ya siku inaanza baada ya Ijumaa. Walichokishikilia wenzetu sisi tunakisema sokoni kila siku.

Udhaifu: aliyefunguliwa mdomo anapofunga wa mwenzake

Lazima tuseme ukweli juu ya kasoro. Ya kwanza ni matusi. Kitabu kikubwa cha Fox cha 1659, The Great Mystery, kinawajibu waandishi zaidi ya mia moja, na jina lake kamili lina kahaba. Anang'oa kauli moja moja kutoka kwa wapinzani na kuzijibu bila muktadha. Yaani Fox hawafanyii wapinzani wake ile haki ambayo Fell alimfanyia Paulo.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mwaka 1656 James Nayler, mmoja wa waandishi wao hodari, aliingia Bristol akiwa juu ya farasi, wafuasi wakiimba mbele yake mithili ya Kristo akiingia Yerusalemu. Bunge likaamuru achapwe, achomwe alama usoni na kutobolewa ulimi. Angalieni adhabu: ulimi. Marafiki wengi walimwacha kwanza, ingawa baadaye walipatana naye. Swali lilibaki: ikiwa kila mtu ana nuru, nani atasema nuru ya Nayler ni giza?

Jibu lao lilikuwa kamati. Kuanzia 1673 mkutano wa wanaume London, uliokaa asubuhi ya siku ya pili ya juma, ulipitia miswada kabla haijachapwa. Fox mwenyewe alifika mahali pa kulalamika kwa namna karatasi zake zilivyoshughulikiwa. Alipofariki, Thomas Ellwood alihariri habari za maisha yake na kuzichapisha 1694, makali yakiwa yamepunguzwa. Kabla ya hapo Robert Barclay alikuwa ameshaipanga imani yao katika hoja 15, kwa Kilatini 1676 na Kiingereza 1678. Kazi ya Barclay ni safi na ina mantiki, lakini ni sauti ya chuo. Waliompinga kasisi wa Kilatini sasa nao walikuwa na Kilatini chao.

Sitaki kuwahukumu kirahisi. Dola iliwafunga kwa maelfu, na kamati ile iliwasaidia kubaki hai. Lakini fasihi yao ililipa gharama.

Sasa tuje Kaimosi. Mwaka 1902 Wamarekani watatu, Willis Hotchkiss, Arthur Chilson na Edgar Hole, walianzisha misheni ya Marafiki magharibi mwa Kenya. Kazi ikakua, Emory Rees akatafsiri Agano Jipya kwa Kiluragoli, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine duniani. Mwaka 1927 Chilson alifundisha juu ya Roho Mtakatifu, na uamsho ukalipuka: watu walilia, wakaungama dhambi hadharani, wakanena kwa lugha. Chilson akaondoka. Wamisionari waliobaki na wazee wa kanisa wakalipinga vuguvugu hilo, na waliolifuata wakajikuta nje. Humo ndimo lilimozaliwa Kanisa la Kiafrika la Roho Mtakatifu na jamaa zake.

Soma tena Bunyan na Burrough, halafu utazame Kaimosi. Viongozi wa Marafiki walikuwa wamekaa kiti cha Bunyan: Roho wenu tutampimaje? Na waumini wa vijijini walikuwa wamekaa kiti cha Burrough: tumeyaona wenyewe. Watetemekaji waliwafukuza watu kwa kutetemeka. Silisemi hili kwa dhihaka. Kila kundi likishapata jengo, shule na hospitali lina kitu cha kulinda, na sauti mpya hulitisha.

Wanafunzi wa Kiswahili tuna mfano wetu. Kezilahabi alipotoa Kichomi, 1974, waliotetea vina na mizani waliuliza swali lilelile: nani kakuruhusu kuita hayo mashairi? Na baadhi ya waliotetea mashairi huru nao, wakishapata viti vyao, humcheka anayeandika kwa vina. Fani nayo ina makasisi wake.

Hitimisho

Maandishi ya Marafiki wa kwanza yamefaulu kuifanya lugha yenyewe kuwa uwanja wa haki: kiwakilishi, kofia, jina la siku, tofauti ya neno na maneno. Yameshindwa kujibu swali waliloliuliza wao wenyewe, yaani sauti isiyo na ruhusa ipimwe vipi bila kunyamazishwa. Fell peke yake, kwa usomaji wake wa makini, ameonyesha njia: msikilize mpinzani mpaka mwisho, mrudishe katika muktadha wake, ndipo umjibu.

Chilson alikwenda Burundi, na mwaka 1934 akaanzisha misheni ya Kibimba. Marafiki wako pia Abeka, kwenye ufuko wa Kongo wa ziwa letu. Kwa hiyo hawa si watu wa mbali, na wanafunzi wa Kigoma wanaweza kabisa kuyadai maandishi haya kama sehemu ya masomo yao. Nashauri yaingizwe darasani upande wa fasihi, yasomwe pamoja na maandishi ya waliowapinga. Ukimsoma Burrough bila Bunyan umesikia nusu ya kesi, na ukanda huu umeishi na nusu hiyo tangu 1878.